Viti Sitini na Kimoja

Usiku mmoja baada ya sala ya isha tulikuwa tumeketi barazani petu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Dele la kahawa lilikuwa limekwisha kuzunguka mara mbili, na kashata zilikuwa zikikaribia kumalizika. Mazungumzo, kama ilivyo ada ya baraza, yalianza kwa bei ya samaki yakaishia kwa siasa za dunia. Ndipo kijana mmoja wa mtaani petu, mwanafunzi wa chuo kikuu, akanigeukia na kuniuliza:

"Ami, wewe ndiwe uandikaye magazetini, hebu nifahamishe. Mwaka 2021 kule Israeli, bwana mmoja ambaye chama chake kilikuwa na viti saba katika Bunge la watu 120 alifanywa waziri mkuu, na mwenziwe mwenye viti 30 akaenda kukaa upinzani. Hesabu gani hiyo?"

Kabla sijameza funda langu la kahawa, mzee mmoja akadakia: "Mwanangu, usijisumbue bure. Wale wote ni wamoja. Akitoka huyu akija yule, kwa Mpalestina ni mamoja."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Lakini kijana hakuridhika. "Sawa, babu. Lakini nasikia serikali hiyo ilisimama kwa kura za Waarabu, tena Waislamu. Je, nao pia ni wamoja?"

Baraza likanyamaza. Nami nikaona kuwa maswali yale mawili, la viti saba na la Waarabu, ni swali moja lililovaa kanzu mbili. Nikamwahidi kijana kuwa nitamjibu kwa maandishi, kwani hesabu haitaki kelele. Ahadi ni deni, na leo nalipa.

NYUMBA YA WATU 120

Nianze na jina, maana sisi tuliokulia vyuoni kwa walimu wa Kurani hatuwezi kulipita neno bila ya kulipapasa. Bunge la Israeli huitwa Knesset. Ni neno la Kiebrania lenye maana ya mkusanyiko, na ni ndugu wa neno la Kiarabu tulilolichukua sisi Waswahili tukasema kanisa, pahala watu wanapokusanyika kwa ibada. Idadi ya wabunge nayo ina asili ya kale: ilifuatwa idadi ya wazee wa Baraza Kuu la Mayahudi, wanaotajwa katika mapokezi yao ya zamani.

Uchaguzi wa kwanza wa Knesset ulifanywa Januari 1949, na shina la utaratibu wake halijabadilika. Kwetu Kenya nchi imegawanywa majimbo 290, na kila jimbo hupeleka mtu wake. Mpiga kura wa Kisauni amjua mbunge wake kwa sura, na akitaka kumlaumu ajua pa kumtafuta. Kule sivyo. Israeli nzima ni jimbo moja. Hapana mbunge wa Haifa wala mbunge wa Nazareth. Kila chama hutoa orodha ya majina yaliyopangwa tangu la kwanza hadi la mwisho, na mpiga kura huchagua orodha, hachagui mtu. Chama kikipata robo ya kura hupata kiasi cha robo ya viti, na wanaoingia ni wale walioandikwa juu katika orodha.

Hata kura yenyewe si kama yetu. Mpiga kura hapewi karatasi ndefu yenye majina na picha. Nyuma ya pazia hukuta vijikaratasi vingi, kila kimoja kikiwa na herufi moja, mbili au tatu za alama ya chama. Huchagua kimoja, akakitia ndani ya bahasha, na bahasha akaitumbukiza sandukuni. Herufi za chama cha Leba kwa miaka mingi zilikuwa tatu: alifu, mimu na tee, kwa matamshi yetu ya chuoni. Ukizisoma pamoja kwa Kiebrania wapata emet, yaani kweli, neno ambalo wanazuoni wa lugha hulirudisha kwenye shina moja na amana na imani tuzijuazo sisi. Waliolichagua hawakuwa wajinga. Nani asiyetaka mpiga kura aondoke akidhani kuwa ameitumbukiza kweli sandukuni?

HAPANA ALIYETOSHA PEKE YAKE

Utaratibu huu una wema wake: hata kikundi kidogo chaweza kupata sauti. Lakini una taabu yake pia, kwani penye wengi pana mengi. Tangu 1949 hadi uchaguzi wa 2022 hapana chama hata kimoja kilichopata viti 61, ambavyo ndivyo nusu na moja juu. Waliokaribia zaidi ni watu wa Leba na washirika wao chini ya Bi. Golda Meir mwaka 1969, waliopata viti 56. Kwa hivyo serikali zao zote zimekuwa za mseto. Sisi Wakenya tuliouonja mkate nusu mwaka 2008 twaijua ladha yake. Wao hawajapata kula mkate mwingine.

Baada ya uchaguzi, Rais wa Israeli huwaita wakuu wa vyama vyote na kuwauliza: mwamtaka nani aunde serikali? Aliyeongoza kwa viti si lazima awe ndiye. Anayetafutwa ni yule awezaye kuwakusanya watu 61. Mwaka 2009 chama cha Kadima cha Bi. Tzipi Livni kilipata viti 28, na Likud ya Bw. Benjamin Netanyahu ikapata 27. Aliyekuwa waziri mkuu ni Bw. Netanyahu, kwani kambi yake kwa jumla ilikuwa na viti 65. Basi mwenye kuufuata uchaguzi wa Israeli asishughulike sana na chama kilichoongoza. Na ahesabu kambi.

KAMBI NA WATU WAKE

Kambi hizo hazikuzaliwa siku moja. Hadi 1977 watu wa Leba, akina Bw. David Ben-Gurion, waliongoza kila serikali, na wengi wa wakuu wao walikuwa na asili ya Ulaya ya Mashariki. Mayahudi waliohamia kutoka Moroko, Yemen na Iraki, watu waliokuwa wakisema Kiarabu majumbani mwao, walipokewa kwa kambi za mahema na miji ya pembezoni, wakajiona wamepitishwa mlango wa nyuma. Uchungu huo uliiva polepole. Mwaka 1977 wengi wao walimpa kura Bw. Menachem Begin, ambaye chama chake katika uchaguzi wa 1949 kilipata viti 14 tu. Likud ikapata viti 43, Leba na wenzake 32, na nyumba ikageuka juu chini. Tangu hapo Likud ndiyo nguzo ya kambi ya kulia.

Kando ya Likud huketi vyama vya dini. Shas, kilichoingia Knesset mara ya kwanza mwaka 1984, ni chama cha wacha Mungu wenye asili ya nchi za Kiarabu na Mashariki. Mwongozi wake alikuwa Rabi Ovadia Yosef, mzaliwa wa Baghdad. Wenzao wenye asili ya Ulaya wamo katika chama cha Umoja wa Torati. Kwa muda mrefu jambo walilolitanguliza hawa wote si mipaka wala vita, bali ni fedha za vyuo vyao vya dini na vijana wao wasichukuliwe jeshini. Kisha wako wazalendo wa dini na walowezi, ambao kwao ardhi ya Ukingo wa Magharibi ni ahadi ya Mungu isiyojadiliwa.

Upande wa pili walikuwako Leba na Meretz, na katikati chama cha Bw. Yair Lapid kiitwacho Yesh Atid, maana yake kuna kesho. Yuko pia Bw. Avigdor Lieberman, mzaliwa wa Moldova, aliyeanzisha chama chake mwaka 1999 na kupata nguvu kwa wahamiaji waliotoka Muungano wa Sovieti. Huyu kwa habari ya mipaka ni mtu wa kulia, lakini kwa habari ya marabi ni mafuta na maji.

Kuanzia 2019 mgawanyo ukabadilika sura. Bw. Netanyahu alishtakiwa kwa rushwa, udanganyifu na kuvunja amana, mashtaka anayoyakana, na kesi yake ikafunguliwa Mei 2020. Kambi zikawa hazigawanyiki tena kwa ardhi na amani tu, bali kwa mtu: wako wanaomtaka na wako wasiomtaka. Nchi ikaenda kupiga kura Aprili 2019, Septemba 2019, Machi 2020, Machi 2021 na Novemba 2022. Chaguzi tano kwa muda usiotimia miaka minne!

KIZINGITI

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ndilo lililoamua mengi. Ili chama kiingie Knesset ni lazima kipate kiasi fulani cha kura zote. Zamani kilikuwa asilimia 1. Mwaka 1992 kikapandishwa hadi asilimia 1.5, mwaka 2004 asilimia 2, na mwaka 2014 asilimia 3.25. Hicho ndicho kizingiti. Chama kinachojikwaa hapo, kura zake zote hupotea, kana kwamba waliozipiga walilala majumbani mwao siku ile.

Tazama mwaka 1992. Vyama vya kulia viliingia uchaguzini vimegawanyika, na kimoja kati yao, Tehiya, kikaanguka kizingitini. Bw. Yitzhak Rabin wa Leba akapata viti 44, na Meretz viti 12. Jumla 56. Wabunge watano wa vyama vya Hadash na Chama cha Kidemokrasia cha Waarabu wakasema hawatakubali serikali ya kulia irudi. Hamsini na sita na tano ni 61. Kwa hesabu hiyo nyembamba ukaja mkataba wa Oslo wa 1993.

Tazama tena Aprili 2019. Kambi ya Bw. Netanyahu ilikusanya viti 60 bila ya Bw. Lieberman, na Bw. Lieberman akakataa kuingia kwa sababu ya sheria ya kuwaandikisha jeshini wanafunzi wa vyuo vya dini. Kilichokosekana ni kiti kimoja tu. Na katika uchaguzi ule ule chama cha Bw. Naftali Bennett, cha kambi hiyo hiyo ya kulia, kilikosa kuvuka kizingiti kwa kiasi cha kura 1,500 katika nchi nzima. Lau kingalivuka, huenda Bw. Netanyahu asingalimhitaji Bw. Lieberman, na zile chaguzi zilizofuatana zisingalikuwako.

WAARABU WA NDANI

Ndiyo, mwanangu, Waarabu hupiga kura kule. Wapalestina waliosalia ndani ya mipaka ya Israeli baada ya vita vya 1948 walipewa uraia, na leo wao na vizazi vyao ni kiasi cha mtu mmoja katika kila raia watano. Walipiga kura tangu 1949, ingawa hadi 1966 waliishi chini ya utawala wa kijeshi, na mtu alihitaji kibali kutoka kijijini kwake kwenda mji wa pili. Ana kura mkononi, lakini njia hana.

Hata baada ya utawala huo kuondolewa, walibaki katika hali ngumu kuieleza: wenye kuhitajiwa, lakini wasioguswa. Wale wabunge watano wa 1992 hawakupewa wizara hata moja. Walisimama nje ya nyumba wakiushikilia ukuta usianguke. Oktoba 1995 mkataba wa pili wa Oslo ulipopita bungeni kwa kura 61 kwa 59, wapinzani walisema kuwa jambo zito kama hilo halifai kupitishwa kwa kura za Waarabu. Mwezi uliofuata, tarehe 4 Novemba, Bw. Rabin aliuawa kwa risasi na Myahudi mwenziwe aliyeupinga mkataba.

Mwaka 2014 kizingiti kilipopandishwa, Bw. Lieberman akiwa mstari wa mbele kukidai, wengi walisema vyama vya Waarabu vitakwisha. Kumbe kizingiti kiliwaunganisha. Wakomunisti, wazalendo na watu wa Harakati ya Kiislamu, ambao hawakuwa wakila sahani moja, wakaingia orodha moja na mwaka 2015 wakapata viti 13, nafasi ya tatu katika Bunge zima. Siku ya kura Bw. Netanyahu aliwatahadharisha wafuasi wake kwa filamu fupi kuwa Waarabu wamiminika vituoni. Baadaye aliomba radhi.

Tangu hapo hesabu yao yasomeka kama mafunzo ya chuoni. Aprili 2019 wakagawanyika orodha mbili: viti 10. Septemba 2019 wakaungana: 13. Machi 2020 bado wameungana: 15, na hapana mwaka mwingine waliofika hapo. Kwa viti hivyo 15, Bw. Benny Gantz, mshindani wa Bw. Netanyahu, alipata wabunge 61 waliomtaja kwa Rais aunde serikali. Sitini na moja alikuwa nayo mkononi! Lakini kambini mwake mwenyewe wakatokea wasiokubali kuitegemea kura ya Mwarabu, na Bw. Gantz akaishia kuingia serikali moja na Bw. Netanyahu. Waarabu waliomchagua wakabaki na vidole vyenye wino wa bure, kama tusemavyo sisi tutiwao wino.

DAKTARI WA MENO

Ndipo akaja Bw. Mansour Abbas. Huyu ni daktari wa meno kutoka Galilaya, wa tawi la kusini la Harakati ya Kiislamu. Chama chake kwa kifupi huitwa Ra'am, na kwa Kiebrania neno hilo lina maana ya ngurumo. Alitoka katika ile orodha ya pamoja, akasimama peke yake Machi 2021, akapata viti vinne. Rai yake ilikuwa wazi: sisi si mali ya kulia wala ya kushoto, atakayetusaidia juu ya mauaji yanayowamaliza vijana wetu mitaani, nyumba zinazobomolewa na vijiji vya Mabedui visivyotambuliwa, huyo tutakaa naye.

Jambo la kuchekesha, kama siasa zingekuwa za kuchekesha, ni kuwa Bw. Netanyahu mwenyewe alikuwa wa kwanza kumposa. Waliokataa ni wazalendo wa dini wa Bw. Bezalel Smotrich katika kambi yake. Basi Bw. Abbas akaolewa upande wa pili. Vyama vinane, kutoka Meretz ya kushoto hadi Yamina ya Bw. Bennett ya kulia, vikajifunga kamba moja. Bw. Bennett alikuwa na viti saba, tena mmoja wa watu wake alimwasi, lakini bila yeye 61 haikupatikana, na yeye aliijua bei yake. Akapewa uwaziri mkuu kwa zamu na Bw. Lapid. Tarehe 13 Juni 2021 serikali ikapita kwa kura 60 kwa 59. Aliyejizuia ni mbunge wa Ra'am yenyewe.

Hilo ndilo jawabu la viti saba. Mwenye viti 30 alikosa marafiki, na mwenye viti saba alikuwa ndiye kufuli.

Waarabu wenzake Bw. Abbas walimshambulia vikali. Walisema ameuza haki ya taifa kwa fungu la bajeti, amekaa meza moja na waziri mkuu asiyekubali dola ya Palestina, na zaidi alipotamka hadharani mwaka huo kuwa Israeli ilizaliwa dola ya Mayahudi na itabaki hivyo. Waliomtetea walisema mkono mtupu haulambwi, na kwamba miaka 70 ya kukaa nje haikujenga darasa wala kuchimba mtaro.

Nami nitakiri. Siku ile habari ziliposomwa redioni, nilikuwa miongoni mwa waliomlaumu hapa barazani, tena kwa sauti kubwa. Kisha Januari 2022 nikasoma kuwa chama chake kimepitisha sheria ya kuziunganisha na umeme nyumba za Waarabu zilizojengwa bila vibali, wenyewe wakisema kuwa vibali hawapewi. Nilikuwa nimeketi chini ya taa yangu. Nikajiuliza: mimi ninayeandika kwa mwanga huu, nina haki gani ya kumwambia mama wa kijijini kule kuwa angeendelea kukaa gizani ili dhamiri yangu mimi wa Mombasa itulie? Sisemi kuwa Bw. Abbas alifanya sawa. Nasema ile hukumu yangu ya siku ya kwanza ilikuwa rahisi mno.

KURA ELFU NNE

Serikali ile haikutimiza hata miezi kumi na mitatu. Wabunge walichomoka mmoja mmoja, Bunge likavunjwa, na tarehe 1 Novemba 2022 watu wakarudi vituoni.

Hapa naomba msomaji ashike kalamu. Kambi ya kulia ilikuwa imejifunza. Bw. Netanyahu mwenyewe aliwapatanisha Bw. Smotrich na Bw. Itamar Ben Gvir waingie orodha moja, ili pasiwe na kura ya kambi yake itakayoanguka. Chama cha Bw. Ben Gvir kiliposimama peke yake Machi 2020 kilipata chini ya nusu ya asilimia moja. Ndani ya orodha hiyo ya pamoja, 2022, walipata viti 14.

Upande wa pili walifanya kinyume. Bw. Lapid aliwaomba Leba na Meretz waungane, na kiongozi wa Leba akakataa. Vyama vya Waarabu, vilivyokwisha kugawanyika mara mbili, vikagawanyika mara ya tatu: Balad, neno ambalo kwa Kiarabu ni nchi, kikabaki peke yake saa ya mwisho ya kupeleka orodha. Kura zikahesabiwa. Meretz ilipata asilimia 3.16, ikakosa kizingiti kwa kiasi cha kura 4,000. Balad ilipata kura zaidi ya 138,000 na kiti hata kimoja haikupata. Leba iliyokataa kuungana ikaponea kwa viti vinne.

Ukizijumlisha kura za kambi mbili, pamoja na zile zilizoanguka, zilikuwa karibu sawa kwa sawa. Lakini viti havikuwa sawa: 64 kwa 56. Watu hawakugeuka. Kilichogeuka ni mpango. Bw. Ben Gvir akawa waziri wa usalama wa taifa na Bw. Smotrich waziri wa fedha. Mwaka 2023 ulianza kwa maandamano makubwa ya wananchi wakiupinga mpango wa kupunguza nguvu za mahakama. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo Hamas ilishambulia, wakauawa watu kiasi cha 1,200 na wengine kiasi cha 250 wakatekwa. Vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu ya Wapalestina katika Gaza. Vita hivyo viliendeshwa na serikali iliyozaliwa kwa hesabu ile, ya Bunge ambalo muda wake ulipangiwa kwisha Oktoba 2026.

Mwaka 2024 Leba na Meretz waliungana hatimaye, wakawa chama kimoja chini ya Bw. Yair Golan. Kilichokataliwa kabla ya mvua kilikubaliwa baada ya nyumba kuvuja.

ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO

Limebaki neno la mzee wetu, kuwa wale ni wamoja. Siwezi kulitupa, kwani lina kweli ndani yake. Mpalestina wa Ramallah au wa Gaza hana kura katika Knesset, ingawa maamuzi ya Knesset humfikia mlangoni na wakati mwingine juu ya paa. Mlowezi Myahudi aishiye kilima cha pili huko Ukingo wa Magharibi anayo. Wapalestina wengi wa Jerusalem ya Mashariki ni wakazi, si raia, nao pia hawaichagui Knesset. Asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mtu huyo, kutofautisha Likud na Leba ni kama kutofautisha mawimbi ilhali mtu anazama, na serikali za kambi zote mbili zimejenga makazi ya walowezi katika ardhi hiyo.

Lakini, mzee wangu, kuna mawimbi na mawimbi. Kura 61 zilipitisha mkataba, na kura 4,000 zilizokosekana zilisaidia kuwafungulia mlango watu waliokuwa miaka michache kabla hawapati hata nusu ya asilimia moja. Aliyesema "ni mamoja" na kulala nyumbani siku ya kura, katika Nazareth au katika Tel Aviv, hakulala peke yake. Alilala pamoja na wasio na kura, na yeye alikuwa nayo.

Hilo ndilo jawabu langu kwa kijana. Jana jioni nilimsomea barazani kabla ya kulipeleka gazetini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema: "Basi si wamoja. Lakini walio nje bado wako nje." Sikuwa na la kumjibu. Nimemwandikia beti hili badala yake.

Chembe ndogo ya mchele, huinamisha mizani,
Wapigao makelele, hubakia mlangoni,
Mwenye hesabu ya mbele, huingia barazani,
Na asiye na sahani, hula nini karamuni?